Mgonjwa Asiyejibu Mpaka Aulizwe

Najua niliahidi kumalizia yale mambo ya hifadhidata, lakini itabidi yasubiri. Wiki hii nimerudi kwenye jambo ambalo limenikera tangu mwaka 2006, na nikianza kulieleza huwa sijui kunyamaza. Chukueni chai.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi, niko Nairobi natafuta kibarua, na shirika moja (jina nalihifadhi, kwa sababu kosa lilikuwa langu hata hivyo) likanipa kazi ya kuandika programu ya kompyuta ya kuwafundisha wauguzi wa zahanati kuhusu dawa mpya ya malaria. Nyinyi wa "tarakilishi" mtanivumilia, mimi nimezoea kompyuta. Wengine mtakumbuka kwamba mwaka 2004 Kenya iliamua kuachana na SP, ile ambayo wengi tuliiita Fansidar, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Kuanzia 2006 dawa ya mseto, yaani artemether-lumefantrine, ikaanza kufika katika vituo vya afya. SP ilikuwa rahisi: mgonjwa anameza mara moja mbele ya muuguzi, anaenda zake. Dawa mpya ilikuwa dozi sita kwa siku tatu. Idadi ya vidonge inategemea uzito. Dozi ya pili inafuata baada ya saa 8, si asubuhi inayofuata. Inafaa inywewe na chakula chenye mafuta kidogo. Na dozi tano kati ya hizo sita zinanywewa nyumbani, ambako muuguzi hayupo. Kila hatua hapo ina nafasi ya kukosea, na anayeumia ni mtoto.

Nikaandika programu. Kurasa za maelezo zenye picha, halafu maswali ya kuchagua jibu. "Mtoto ana kilo 12. Utampa vidonge vingapi kwa kila dozi?" Majibu manne. Ukikosea inakuambia "jaribu tena", ukipata inakupongeza na kukupeleka mbele. Nilijivunia sana zile pongezi, zilikuwa na mlio wa vigelegele. Baada ya miezi miwili ripoti ikatoka: karibu kila muuguzi aliyeanza alikuwa amemaliza, na kila aliyemaliza alikuwa amepata asilimia 100. Shirika likafurahi. Mimi nikalipwa, jambo ambalo wenzangu katika fani hii mnajua halitokei kila mara.

Desemba nikaenda nyumbani Taita. Shangazi yangu alikuwa muuguzi wa ngazi ya cheti katika zahanati moja ya huko, na nilijua alikuwa mmoja wa walioitwa kwenye hospitali ya wilaya kutumia programu yangu. Nikamuuliza aliionaje.

"Ilikuwa nzuri, baba. Ina rangi."

"Na maswali, shangazi?"

"Yale? Nilibonyeza tu."

Akanieleza bila ubaya wowote. Kulikuwa na kompyuta mbili na wauguzi kumi na moja wakisubiri foleni, na matatu ya mwisho ya kurudi kwao ilikuwa saa kumi jioni. Kwa hivyo walibonyeza A, ikikataa B, ikikataa C. Programu yangu haikuhesabu majaribio, ilihesabu kufika mwisho. Ile asilimia 100 niliyoiandikia ripoti ilikuwa na maana moja tu, kwamba watu wana vidole. Na vile vidonge vya mtoto wa kilo 12 (ni kimoja kwa kila dozi) shangazi alivijua kutokana na karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha dawa.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kuchimba historia. Nilitaka kujua watu wengine walikuwa wamefundisha vipi mambo ya afya kwa kompyuta kabla yangu. Nilitegemea kukuta safari ya kupanda: zamani walikuwa na vitu vya ovyo, kisha vikaboreka kidogo kidogo mpaka vikafika kwangu. Nikakuta kwamba somo zuri kuliko langu lilikuwa limeandikwa mwaka 1963, kwa mashine ambayo simu yenu ya mulika mwizi ingeicheka.

Urbana ni mji mdogo katika jimbo la Illinois, Marekani, umezungukwa na mashamba ya mahindi. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, mhandisi wa miaka 26 aitwaye Donald Bitzer alianzisha mfumo wa kufundisha kwa kompyuta ulioitwa PLATO. Ulianza kwenye ILLIAC I, kompyuta ya chuo iliyojaa vali za kioo kama redio za babu zetu. Mwanafunzi alikaa mbele ya kioo cha televisheni chenye vibonye vichache. Mwanzoni mtu mmoja ndiye aliyeweza kutumia mfumo kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata wakawa wawili, na hapo walisherehekea! Wale wanaopenda vioo vya kompyuta wajue pia kwamba kioo cha plazma kilivumbuliwa huko huko mwaka 1964, na Bitzer pamoja na Gene Slottow na Robert Willson, kwa sababu walihitaji kioo cha bei nafuu cha kufundishia. Televisheni zile bapa zilizokuja kutundikwa kwenye mahoteli yetu miaka ya 2000 zina asili yake darasani.

Sasa, historia nyingi za PLATO huishia kwa Donald. Lakini mke wake, Maryann Bitzer, alikuwa muuguzi, na kulikuwa na shule ya uuguzi katika Hospitali ya Mercy pale Urbana. Mwaka 1963 yeye ndiye aliyeandika ripoti juu ya somo la PLATO lililofundisha wanafunzi wa uuguzi jinsi ya kumhudumia mtu aliyepata mshtuko wa moyo.

Hebu fikirini tatizo lake. Mwanafunzi wa uuguzi anajifunza wodini. Lakini mgonjwa wa moyo hawezi kukaa akisubiri mwanafunzi afikirie. Mwanafunzi akisita, muuguzi mkuu anamsukuma pembeni na kufanya mwenyewe, na ni haki. Kwa hivyo mwanafunzi anaona mengi na kuamua machache. Siku atakapoachiwa wodi usiku, ndiyo siku ya kwanza atakapoamua peke yake, na mgonjwa wake ni mtu halisi.

Maryann alianza na filamu fupi ya mgonjwa. Baada ya hapo mashine haikumpa mwanafunzi mhadhara wala orodha ya majibu. Ilimpa kazi ya kutafuta. Kama anataka kujua jambo kuhusu mgonjwa, lazima aliulize. Kama anataka kujua dawa fulani ingefanya nini, aiulizie. Asipouliza haambiwi. Na kila kibonye alichobonyeza kilihifadhiwa, ili mwalimu aje aone baadaye huyu binti alipitia njia gani kufika alikofika, wapi alizunguka, wapi aliruka jambo la muhimu. Wanafunzi waliosoma hivyo walifanya vizuri zaidi katika mtihani kuliko wenzao waliofundishwa darasani. Kundi lilikuwa dogo, na mimi si mtu wa kuamini namba ndogo, lakini kilichonishtua ni zile kumbukumbu za vibonye. Mwaka 1963 walikuwa wakihifadhi kila hatua ya mwanafunzi. Mwaka 2006 mimi, nikiwa na diski ya gigabaiti 40, nilihifadhi neno "amemaliza".

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo waandishi wenzangu wa programu watalipenda. PLATO ilikuwa na mantiki mbili tofauti za kuandikia masomo. Moja ilikuwa ya kufundisha: ukurasa, swali, jibu, sahihi au si sahihi, songa mbele. Nyingine ilikuwa ya uchunguzi: mwanafunzi amewekewa tatizo na chombo cha kulichunguza, njia anajitengenezea mwenyewe. Somo la wauguzi liliandikwa kwa hii ya pili. Kwa maneno mengine, uamuzi nilioufanya mimi bila hata kujua kwamba ni uamuzi, wenzetu walikuwa wameupa jina zaidi ya miaka 40 kabla.

Mbona basi ile ya kwanza ndiyo iliyotapakaa duniani? Nina maoni yangu. Somo la kurasa na maswali linaandikwa na mtu yeyote kwa wiki moja, hata ambaye hajawahi kukanyaga wodini, mfano ni huyu anayewaandikia. Somo la uchunguzi linakutaka ujue mgonjwa atakuwaje kwa kila jambo ambalo mwanafunzi anaweza kulifanya, pamoja na yale ya kijinga. Ukikosa tawi moja, mgonjwa wako anakuwa bubu. Mwandishi wa programu peke yake hawezi, inabidi akae na muuguzi mwezi, miezi miwili, na bajeti ya mradi haina mstari wa "kukaa na muuguzi". Halafu kuna ripoti. Wafadhili wanapenda namba inayopanda, na namba ya waliomaliza hupanda haraka kuliko ya waliojifunza.

Wakati huo huo kule Boston, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Octo Barnett na timu yake walikuwa wakijenga lugha ya programu kwa ajili ya hospitali, MUMPS, iliyoanza mwaka 1966. Jina baya, najua, hata kwa Kiingereza linamaanisha matumbwitumbwi. Lakini lugha yenyewe haijafa hadi leo, kumbukumbu za wagonjwa wengi sana Marekani bado zinakaa kwenye mifumo iliyotokana nayo. Kwa lugha hiyo waliandika wagonjwa wa kuigiza: mtu aliyezimia ameletwa, wewe ni daktari, andika unachotaka kufanya. Mwaka 1972 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ililipia jaribio la kuunganisha masomo ya Boston, ya Chuo Kikuu cha Ohio State na ya Illinois kwenye mtandao mmoja, ili shule za tiba za mbali zipige simu na kusoma. Mwaka 1972, intaneti yenyewe ilikuwa bado mtoto wa kutambaa.

Na kuna kisa cha Sim One ambacho siwezi kukiruka. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Southern California, Stephen Abrahamson na daktari wa usingizi Judson Denson walitengeneza mgonjwa wa plastiki aliyeongozwa na kompyuta. Alipumua. Alipepesa macho. Mboni zake zilipanuka na kusinyaa. Moyo wake ulikuwa na mapigo unayoweza kuyagusa, na ukimchoma dawa, kompyuta ilitambua ni dawa gani na mwili ukabadilika ipasavyo. Madaktari waliokuwa wakijifunza kumpa mtu dawa ya usingizi na kuingiza mrija kooni walifanyia mazoezi kwake kabla ya kugusa binadamu, na walifikia kiwango kinachotakiwa mapema kuliko waliojifunzia moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Basi mngetegemea kila shule ya tiba ipate mmoja. Alitengenezwa mmoja tu. Gharama ya kompyuta ya kumwendesha ilikuwa kubwa mno, na watu waliokuwa na fedha hawakuona shida: si wagonjwa wapo? Hasa wagonjwa maskini, waliolazwa kwenye hospitali za kufundishia. Hilo la mwisho ni neno langu.

Sasa turudi nyumbani, maana huku tatizo lilikuwa na sura nyingine kabisa.

Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, takriban asilimia 70 ya wauguzi walikuwa wa ngazi ya cheti, kama shangazi. Hawa ndio waliokuwa zahanati, ndio waliozalisha akina mama usiku kwa taa ya mafuta, na walikuwa wamefunzwa kabla UKIMWI haujabadilisha kila kitu. Baraza la Wauguzi lilitaka wapande hadi ngazi ya diploma. Njia ya kawaida ilikuwa kuacha kazi na kwenda kukaa chuoni. Kwa njia hiyo walioweza kupandishwa walikuwa kama 100 kwa mwaka, na waliokuwa wakihitaji walikuwa 22,000. Gawanyeni wenyewe: miaka 220. Na hata hesabu hiyo inaficha jambo, kwa sababu muuguzi wa zahanati akienda chuoni, zahanati inafungwa. Hakuna wa kumshikia. Yule mwanafunzi wa Urbana alikosa mgonjwa wa kujifunzia. Shangazi yangu alikuwa na wagonjwa mpaka mlangoni, alichokosa ni nafasi ya kuondoka.

Septemba 2005 AMREF, shirika ambalo mizizi yake ni wale madaktari wa ndege walioanzia Nairobi mwaka 1957, likishirikiana na Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya, vyuo vya mafunzo ya tiba na kampuni ya Accenture, lilizindua mpango wa kuwasomesha wauguzi hao kwa kompyuta huku wakiendelea na kazi. Lengo lilikuwa wote 22,000 kwa miaka mitano. Vituo vya kompyuta zaidi ya 100 viliwekwa nchini, vingi ndani ya hospitali na shule za uuguzi. Masomo yalikuja kwenye CD, kwa sababu intaneti ya wakati huo mnaikumbuka: kabla ya nyaya za baharini SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na kufungua picha moja kulikupa muda wa kwenda kununua maandazi na kurudi.

Lengo la miaka mitano halikutimia. Waliosoma walikuwa maelfu, si makumi elfu. Karo ilikuwa kikwazo kwa wengi, umeme ulikuwa ukikatika, na watu wengi walikuwa hawajawahi kushika kipanya maishani mwao. Lakini ukilinganisha na 100 kwa mwaka, mimi sithubutu kuuita mpango ule kushindwa. Nimeona miradi ya teknolojia ikishindwa, nimeshiriki mingine, na haifanani hivyo.

Shangazi alijiunga mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 46. Nilimnunulia kompyuta ya mitumba, ile ya sanduku, na betri ya gari ya kuiwasha kupitia kigeuza umeme. Alikuwa akisoma kuanzia saa tatu usiku, wajukuu wakishalala, CD ikizunguka kwa kelele kama cherehani. Mara moja kwa wiki mbili alienda hospitalini kukutana na wenzake wanne na msimamizi wao. Nilimuuliza siku moja ni kipi kinamsaidia zaidi, nikitumaini atasema kompyuta niliyomnunulia. Akasema ni wale wanne. "CD inanieleza. Wale wananiuliza." Nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu, nalo bado ninalo.

Simu ndizo zilizofuata, na hapa nitapita haraka kwa sababu hadithi ya simu Kenya imesimuliwa mpaka imechakaa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, AMREF na washirika wake, Safaricom wakiwemo, wamefundisha wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini kwa ujumbe mfupi na sauti kwenye simu za kawaida kabisa zisizo na kioo cha kugusa. Hilo lilikuwa jambo la busara. Mhudumu wa kijijini hana kompyuta wala hatakuja kuwa nayo, ila simu anayo mfukoni na anajua kuichaji.

Kilichonifundisha zaidi hata hivyo hakina kompyuta ndani yake. Mwaka 2010 yalianza mafunzo ya Helping Babies Breathe, ya kumsaidia mtoto mchanga ambaye hapumui baada ya kuzaliwa. Chombo chake ni mwanasesere aitwaye NeoNatalie. Unamjaza maji ili awe na uzito wa mtoto. Kuna vibofu vya kubonya kwa mkono: kimoja kinampa mapigo kwenye kitovu, kingine kinamfanya apumue. Mwenzako anabonya, wewe unampepea mtoto hewa kwa mfuko na barakoa. Huyo ndiye mjukuu wa Sim One, ila kompyuta yake ni vidole vya mkunga mwenzako. Katika hospitali nane za Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo hayo kuanza.

Mtu wa mauzo angeishia hapo. Lakini katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliangalia kwa karibu zaidi. Baada ya kozi ya siku moja, wakunga walifanya vizuri sana kwa mwanasesere. Walipofuatwa kwenye chumba cha kuzalia, hawakubadilisha walivyokuwa wakifanya kwa watoto halisi. Mtihani walipita, kazi ikabaki ile ile. Hospitali ikageuza mpango: mwanasesere akawekwa karibu na pale wanapozalia, na wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Hapo vifo vya saa 24 vikashuka, kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mwanasesere alikuwa yule yule na maarifa yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mara ngapi mikono iliyarudia, na umbali kutoka kitandani.

Niliposoma hayo nikazifikiria zile kompyuta mbili na wauguzi kumi na moja, na matatu ya saa kumi. Hata kama programu yangu ingekuwa nzuri, ilikuwa imewekwa safari ya saa mbili kutoka kwenye kazi, na ilitumika siku moja kwa mwaka.

Na hapa simu inarudi kwa njia nyingine. Chuo Kikuu cha Oxford kwa kushirikiana na watafiti walioko Kenya, walewale wa mafunzo ya dharura za watoto wagonjwa yaitwayo ETAT+, walitengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE. Uko katika hospitali ya kuigiza. Mtoto mchanga hapumui. Vifaa viko mezani, chagua, na saa inakwenda. Ukikosea unaambiwa ulipokosea na unarudia, hata mara ishirini, ukiwa kwenye benchi nje ya wodi. Nilipoufungua mara ya kwanza nilimkumbuka Maryann Bitzer na filamu yake. Ni kazi ileile ya 1963, ila sasa inaingia mfukoni.

Miaka michache iliyopita niliamua kuandika upya ile programu ya malaria, bila shirika, bila malipo, kwa ajili ya kulala vizuri usiku. Hakuna kurasa. Mama anaingia na mtoto na kusema, "Ana homa." Basi. Kimya. Muuguzi aandike anachotaka kujua. Asipouliza kama mtoto amepata degedege, haambiwi. Asipouliza kama ananyonya, au kama anatapika kila kitu, haambiwi. Anaweza kumpa dawa moja kwa moja kwa uzito sahihi na programu haitalia wala kupiga vigelegele. Itasema tu kwamba siku mbili zimepita, na mama amerudi, au hajarudi.

Shangazi amestaafu sasa, alistaafu akiwa muuguzi wa diploma. Nilimpa simu yangu ajaribu, tukiwa tumekaa nje jikoni. Akavaa miwani. Mama akaingia, "Ana homa." Shangazi akaandika kwa kidole kimoja, polepole: "Jina lake nani?"

Programu ikajibu: "Samahani, sielewi swali."

Akaniangalia juu ya miwani. "Baba, huyu mama wako hajui jina la mtoto wake?"

Nilikuwa nimetayarisha maswali 64. Uzito, umri, kukojoa, rangi ya viganja, chandarua, dawa alizopewa nyumbani, yote. Hilo sikuwa nimeliandika. Akanieleza kwamba muuguzi anaanza na jina. Mama anatulia, na mtoto mwenyewe, ukimwita kwa jina akageuka kukutazama, umeshajua hajazimia kabla hujamgusa.

Usiku huo huo nikaongeza. Mtoto anaitwa Mwakio. Ukimwita anageuka, isipokuwa katika kisa cha nne na cha tisa.